Ubao wa Guka na Cucu

Mwanangu Nyambura,

Shuleni mlifundishwa kuanza barua na "natumai u mzima wa afya." Mimi sina haja ya kutumai. Najua uko Kenyatta Market, umekalishwa kwenye kiti cha plastiki, wanawake watatu wanakuvuta kichwa kila mmoja upande wake, na najua hutatoka hapo kabla ya jioni kwa sababu umetaka zile nyembamba. Vizuri. Wakusuke polepole. Leo nahitaji muda.

Mambo ya sweta, pasipoti na majani chai ya kubeba tumeyaongea mpaka ukaniambia, "Mathe, imetosha." Sitayarudia. Nakuandikia yale ambayo nikianza kuyasema kwa mdomo huwa naishia kukuuliza kama umekula.

Niko hapa karakana, kwenye meza ya kukatia. Mlango nimeufunga nusu ili watu wa Dagoretti Corner wanaopita kuuliza bei na kwenda zao wadhani hatujafungua. Laptopu iko mbele yangu na ile programu yako ya kuchora. Umeshanitumia ujumbe mara mbili, "Mathe uko sawa?" Sijajibu, na sitajibu.

Acha niandike tulivyopatana Jumatano, nione kama nilikusikia vizuri. Ulikuwa umeacha nusu ya chapati kwenye sahani. Wewe huachi chapati.

"Mathe," ukasema, "si niandikie hao watu wa Ujerumani niwaambie nitakuja mwaka ujao?"

"Mwaka ujao kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni vile tu, nikienda nani atachora hizi majina?"

"Mimi."

Ukacheka. "Wewe? Aki Mathe, mausi unaishika kama chaki ya kushona."

"Na umeniona nikiharibu nguo ya nani?"

Ndipo ukasema nichore ubao mmoja bila wewe, niukate bila wewe, uukute umekamilika. "Ikikubali, naenda. Ikikataa, nabaki, na usinipigie kelele." Nikajibu haraka kwamba sawa, tena kwa maringo. Ni baadaye, nikiosha vyombo, ndipo nikaelewa ulichoniwekea mkononi. Ile nafasi ya kujifunza useremala haitakungoja, ulinisomea mwenyewe walivyoandika: asiyefika, nafasi inapewa mwingine. Umejifunza Kijerumani ukiwa umesimama hapa unapiga msasa. Sasa yote yako juu ya ubao wangu mmoja. Na kuna jambo sikukuambia siku ile: hakuna mtu hapa duniani anayetaka ubaki kuliko mimi.

Ubao wenyewe ni ule wa watoto wa yule mzee wa Waithaka, wa sherehe ya wazazi wao. BOMA LA GUKA NA CUCU, ndivyo wajukuu wanavyowaita babu na nyanya yao, herufi zikatwe zitokee upande wa pili, halafu nyuma wawashe taa ili jina ling'ae ukutani. Wanauchukua kesho baada ya kanisa, na wewe unapanda ndege kesho usiku. Wakati unaniachia kazi hii nilikuona ukitabasamu. Hizo A zote! Kila A ina tumbo, kile kipande kilichofungiwa ndani, B ina mawili, na O ni tumbo tupu.

Nimefanya kama ulivyonionyesha. Nimeandika maneno, nimechagua fonti nene, nimeyageuza yakawa mistari inayoweza kukatwa. Halafu kwenye kila herufi yenye tumbo nimechora kimstari cheupe kinachotoka tumboni hadi nje, kile ambacho baba yako alikuwa anakiita kishikizo. Baba yako alieleza mara moja tu, na mimi sikuwa nasikiliza: bila kishikizo, ukishakata herufi, tumbo halina pa kujishikia, linaanguka sakafuni na A inabaki shimo. Kishikizo cha kwanza nilikichora kikakimbilia kona ya skrini nikakitafuta kama sindano. Nikabonyeza Kontrol na Z, nikabonyeza tena, mpaka maneno yote yakatoweka. Nikapiga kelele mpaka jirani wa kuchomelea vyuma akaja mbio na miwani yake usoni.

"Haiya, Mama Nyambura! Nini mbaya?"

"Guka amepotea," nikamwambia.

Maskini, akavua kofia na kunipa pole. Ilibidi nimweleze ni Guka wa kwenye kompyuta.

Lakini nimewapata wote, Guka na Cucu. Nimechapisha, nimeunganisha karatasi, nimezibandika kwenye plaiwudi. Sasa gundi inakauka.

Unakumbuka ule ubao wa Lavington? Wewe ulikuwa sekondari, ndio kwanza umeanza kunichorea. Ulichora vizuri, vishikizo vyembamba, jina la nyumba lilikuwa linapendeza. Mimi nikaona hapana, vitavunjika, na nyumba yenyewe ni ya watu wakubwa. Ulipoenda shule nikachukua kalamu nikavinenepesha vyote juu ya karatasi, na pale ambapo hapakuwa na haja nikaongeza. Hakuna kilichoanguka, hilo nalisema kwa kifua. Lakini nilipoufikisha kwa lile lango refu, mlinzi akaushika, akaugeuza juu chini, akaniuliza, "Mama, hii ni maandishi ama ni dirisha?" Mwenye nyumba hata hakutoka, alimtuma mfanyakazi aje kuniambia nirudi nao. Nikaubeba hadi Dagoretti Corner nikiwa nimekasirikia wewe, wewe ambaye hukuwa umefanya kitu.

Na ile safari ya shule ya kwenda Kisumu. Nilisema una homa. Ulikuwa huna homa, na mwalimu alijua, na wewe ulijua, ukakaa kitandani siku nzima kunisaidia kudanganya. Nikakuletea uji. Ukaunywa. Mpaka leo nikiona basi la shule limejaa watoto wanaoimba, nasikia aibu shingoni. Nilikuwa nimeshazika baba yako, na kila barabara iliyotajwa kwenye redio kwa ajali niliona wewe uko juu yake. Sikuwa mama mbaya, sitaki uniambie hivyo wala sitaki uniambie kinyume. Nilikuwa naogopa, basi, na woga wangu nikakupa wewe uubebe.

Karatasi imeshika. Naenda kwa mashine. Niombee, hata kama hujui.

*

Nyambura, limeanguka.

Nimekata BOMA vizuri kabisa. Nimekata LA. Wewe unajua ninavyoipenda hii mashine, ndiyo maana niliipa jina Cherehani, kwa sababu ina mguu wa kubana na kamsumeno kanapanda na kushuka kama sindano, na mtu kazi yake ni kusukuma mbao taratibu kama anavyosukuma kitambaa. Niliingia G, nikatoka. U, nikatoka. K, nikatoka. Kwenye A inayomalizia GUKA nikasikia "tik" chini ya meza. Nikazima. Nikainama. Kile kipande cha pembe tatu kilikuwa kwenye vumbi la mbao, karibu na kiatu changu.

Kishikizo nilikuwa nimekichora. Kiko hapo kwenye karatasi, nakiona, nusu yake iko upande huu wa mkato na nusu upande ule. Mkono wangu ulipita juu yake. Mkono umekikata kama unavyokata uzi.

Wewe umekua ukiniona fundi wa mbao, kwa hivyo huwezi kukumbuka vizuri nilivyokuwa fundi wa nguo. Miaka hiyo nilikuwa na kibanda hapo hapo Kenyatta Market, si mbali na ulipokaa sasa. Mshonaji akimaliza nguo anaigeuza ndani nje na kutafuta nyuzi zilizoning'inia. Akiona uzi, anakata. Hafikirii. Mteja akikuta uzi kwenye gauni lake la harusi, kazi yote imekuwa bure hata kama mshono ni wa malaika. Mimi nilikuwa nakata nyuzi hata za nguo za watu kanisani, mtu amekaa mbele yangu anasali. Baba yako alikuwa ananishika mkono.

Msalaba wa kaburi lake unaujua. Ulikuwa darasa la pili, na najua unakumbuka mvua. Lakini sijawahi kukuambia ule msalaba uliharibikaje, nimekuacha udhani ni mvua.

Baba yako alikuwa ameacha herufi zake zote za kadibodi, amezikata kwa wembe, kila moja na vishikizo vyake. Mafundi wenzake walikuja wakaniambia, "Mama, tuachie, sisi tutamtengenezea." Nikakataa. Nilitaka mkono wangu ndio uandike jina lake. Nikaweka kadibodi juu ya mbao, nikachora NJOROGE, na kila nilipofika kwenye kishikizo niliona uchafu. Niliona uzi. Nikasema jina la mume wangu halitakwenda kaburini likiwa na nyuzi zinaning'inia, nikaziunganisha zile nafasi zote kwa penseli, safi, laini. Nikakata. O ya kwanza ikaacha tumbo lake mezani. R pia. O ya pili pia.

Ningetoka nje nikawauliza wale mafundi, wangenionyesha. Walikuwa wamekaa hapo nje kwenye benchi, wanakunywa chai yangu! Lakini nilikuwa nimewakatalia, na sasa ningewaambia nini? Nikafanya kama mshonaji. Nikachukua kitambaa cha bitana, nikakibandika nyuma, nikavipanga vile vipande juu yake kwa gundi. Ukisimama mbali ulikuwa hujui. Siku ya mazishi mvua ikanyesha, gundi ikaachia, na wakati watu wanaimba tumbo la O likaanguka kwenye udongo mwekundu. Watu waliona. Walizidi kuimba. Wewe ukaachia mkono wa shangazi yako, ukainama ukaliokota, ukalifuta kwa sweta yako ya shule, ukaniletea.

"Mum, hii ni ya baba, imeanguka."

Nikaiweka kwenye mkoba. Iko kwenye mkebe wa vifungo mpaka leo. Hata mara moja sikukuambia asante.

Ukiharibu kitu huko Ujerumani, Nyambura, toka nje uwaulize walio kwenye benchi. Hata kama Kijerumani kinachechemea. Hata kama jana yake uliwajibu vibaya. Mimi nilichagua bitana, na mvua ilijua.

*

Umetuma ujumbe tena. "Wamefika katikati. Mathe uko sawa?"

Nimekaa na huu ubao ulioharibika mapajani. Nataka ujue ninachofikiria, kwa sababu kesho kutwa utakuwa mbali na utaanza kukumbuka mama mzuri kuliko nilivyo.

Nafikiria hivi: nikiuacha hapa mezani sihitaji kusema uongo hata mmoja. Nimejaribu, imekataa. Utaingia na kichwa kipya, utaona GUKA ana shimo, utaniwekea mkono begani useme, "Si nilikuambia?" Utakaa kwenye laptopu yako, utarekebisha upesi, utakata, na watu wa Waithaka watapata ubao wao. Tutakunywa chai. Lile begi litarudi chini ya kitanda. Na mimi ningefurahi. Nisingejifanya, ningefurahi kweli kweli mpaka usiku nikose usingizi kwa furaha. Hilo ndilo linaloniogopesha leo kuliko ndege.

Na sijui, mwanangu. Nakuapia sijui kama ni mkono uliozoea uliokikata kile kishikizo, au ni moyo uliousukuma mkono. Nimejiuliza tangu kilipoanguka. Ngai aliye juu ndiye anajua.

Ninachojua ni kwamba kile kipande kilipoanguka, jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka kutazama upande wako, pale unapokaaga na laptopu. Nilikuwa nangoja uinuke ukiokote. Kiti kilikuwa kitupu, na mimi nikawa bado nangoja.

Tangu ile siku ya mvua umekuwa ukiniokotea vitu. Nilipouza kibanda cha nguo na kuchukua mashine ya baba yako, watu wakinicheka, wewe ndiye ulikuwa unashika mbao upande wa pili na mikono midogo. Niliposema kompyuta haiingii hapa, herufi za baba yako zinatosha, ulikwenda kuchora saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kwa pesa yako ya nauli na kurudi kwa miguu, mpaka nikaona aibu tukashuka mjini Luthuli Avenue kutafuta laptopu iliyotumika. Uliacha chapati Jumatano kwa sababu yangu. Mtoto anaacha Ujerumani ili mama yake asishindwe na mausi! Nimeinama nimekiokota mwenyewe. Magoti yamelia lakini nimekiokota, nimekitia kwenye mkebe pamoja na kile cha baba yako.

Kuna kipande kingine cha plaiwudi nyuma ya mlango. Kinatosha, bila makosa mengine.

Nimerudi kwenye kompyuta. Nimekaa nikaangalia hivyo vishikizo vyangu na nikajiambia ukweli: vyote nilivichora na bado mkono utavikata, kwa sababu mkono huu haujui kompyuta, unajua nguo. Nimekaa sana. Halafu nikakumbuka uzi wa bandi. Ule mshono wa muda, wa kushikilia kitambaa kabla ya kushona kabisa, tulikuwa tunaupiga kwa uzi mwekundu ili uonekane. Mshonaji anakata nyuzi zote lakini wa bandi hagusi mpaka nguo iishe. Ukiugusa mapema, nguo yote inakufungukia mikononi. Mwalimu wangu wa cherehani alikuwa anatupiga vidole kwa rula kwa ajili hiyo.

Nimechapisha upya, nimebandika upya, na juu ya kila kishikizo nimelaza kipande cha uzi mwekundu kwa gundi. Ubao unaonekana kama umefungwa bandeji. Ukiuona utanicheka mpaka ulie.

Gundi inakauka tena. Nje wameanza kuchoma mahindi, nasikia harufu. Naandika kidogo ndipo niende.

Huko uendako utaona vitu vingi ambavyo kwako vitakuwa kama nyuzi zinazoning'inia. Namna wanavyosalimiana, namna wanavyonyamaza mezani, namna wanavyoshika randa. Uliza ni za nini kabla hujazikata. Na vyako pia, watakavyoviona vya ajabu, usikubali kuvikata upesi ili uonekane safi. Hilo ndilo pekee ninalolijua kwa hakika, na limenigharimu msalaba wa mume wangu. Mengine utajifunza mwenyewe, tena usinieleze yote, nitakufa kwa presha.

Na nikikupigia simu ukiwa kazini, usipokee. Nimesema mimi. Nitakasirika, halafu nitapoa.

Naenda.

*

Nimemaliza.

Sitakuambia nilivyokata, kwa sababu sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba kila nilipofika kwenye uzi mwekundu mkono ulisimama wenyewe, kama umepigwa rula. Kwenye A ya GUKA nilisimama, nikazima mashine, nikanywa maji, nikawasha tena. Jirani wa vyuma alikuja akasimama mlangoni, akaona uso wangu, akarudi kwake.

Ule wa kwanza nimeuegemeza nyuma ya mlango. Sikuuficha. Nataka uuone, ujue kwamba ulikuwepo, na kwamba ningeweza kukuachia huo mezani.

Huu wa pili ndio ulio mezani. Karatasi sijabandua, na nyuzi za bandi ziko pale pale. Nguo ikiisha, bandi inatolewa, na hiyo kazi nakuachia wewe. Bandua polepole. Uinue ubao juu, uutikise, uupige mgongoni kwa kiganja kama ulivyonizoesha, usikilize kama kuna kitu kinaanguka.

Nasikia sauti yako huko nje kwa muuza mahindi, unabishana naye bei na huku kichwa kinakuuma. Barua hii naiweka chini ya ubao. Utaingia na utaniuliza lile swali lako, kwa hivyo nalijibu hapa, kwa sababu kwa mdomo nitakudanganya.

Siko sawa. Ubao uko sawa. Nenda.

Mathe